MDAI ANA HAKI, NA MDAIWA ANA HAKI
Mazungumzo na wahitimu wa kisomo wa Ngara na Biharamulo



Leo tunazungumza juu ya deni. Hatusemi deni lisilipwe. Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa, nasi tunasema hivyo hivyo. Lakini kudai ni jambo moja, na kunyanyasa ni jambo jingine.

Sote tunaijua mikopo iitwayo kausha damu. Unapewa fedha leo, bila maswali mengi. Wiki ijayo anakuja kijana na pikipiki kudai rejesho. Ukikosa, anatukana mbele ya watoto. Anabeba godoro, sufuria, baiskeli. Ndiyo maana wako watu wanaokimbia nyumba zao siku ya rejesho, na wengine ndoa zao zinavunjika.

Kwa nini mkulima anashindwa kulipa? Si kwa uvivu. Maharage hukaa shambani kama miezi mitatu. Kahawa huvunwa mara moja kwa mwaka. Mkopo unadai kila wiki. Basi mkulima anakopa kwa mwingine ili amlipe wa kwanza. Hapo ndipo damu inapokauka.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu. Umekopa shilingi 200,000. Mkopeshaji anataka riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 40,000 kila mwezi. Kwa miezi mitano riba ni shilingi 200,000, sawa na fedha uliyokopa. Na deni lenyewe bado liko pale pale!

Sasa tazama sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018. Mkopeshaji lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania. Benki Kuu imeweka kikomo cha riba kwa wakopeshaji hawa: asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 200,000, hiyo ni shilingi 7,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitano ni shilingi 35,000. Linganisha wewe mwenyewe 35,000 na 200,000.

HAKI ZAKO MLANGONI

Kwanza, deni peke yake si jinai. Ukikopa kwa kudanganya, hilo ni jambo jingine. Lakini mtu aliyekopa kwa haki akachelewa kulipa hapelekwi mahabusu kwa sababu hiyo. Mdai aende mahakamani akafungue madai. Polisi si wakusanyaji wa madeni.

Pili, mkopeshaji haruhusiwi kuvunja mlango, kupiga wala kutishia. Akifanya hivyo, yeye ndiye mwenye kosa, hata kama kweli anakudai.

Tatu, mtu akija kuchukua mali akisema ametumwa na mahakama, mwambie aonyeshe hati. Isome polepole. Ina jina lako? Ina mhuri wa mahakama? Mwite mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji aisome pia. Tena Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataja vitu visivyokamatwa hata mahakama ikiamuru: nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, kitanda na matandiko, na zana za mkulima. Kama mahakama haichukui sufuria yako, kijana wa pikipiki anaichukua kwa amri ya nani?

Nne, nyumba ya familia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza mume au mke kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kina baba, msifiche karatasi. Kina mama, nanyi vile vile.

Tano, simu. Wako wanaokopesha kwa simu, kisha wanawatumia ndugu na majirani zako ujumbe wa kukuaibisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zako. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

TUFANYE NINI?

Kabla ya kukopa, uliza leseni. Soma mkataba wote. Ukikutana na neno gumu, usitie sahihi. Nenda nao nyumbani, msome wawili. Usimwachie mkopeshaji kadi yako ya benki wala namba ya siri. Dai nakala ya mkataba.

Ukilipa, dai risiti. Andika katika daftari: tarehe, kiasi, jina la aliyepokea. Deni lililoandikwa upande mmoja huzaa usiku.

Ukishindwa kulipa, usijifiche. Nenda kwa mkopeshaji mapema, na shahidi, mpange upya siku za kulipa. Mapatano yaandikwe.

Ukinyanyaswa, andika siku, saa na maneno yaliyosemwa. Usifute ujumbe wa simu. Peleka habari kwa mtendaji wa kijiji, na penye kipigo au vitisho nenda polisi. Tafuta msaidizi wa kisheria. Malalamiko juu ya mkopeshaji yanapelekwa Benki Kuu, ambayo ina tawi Mwanza.

Na kuna njia nyingine ya kupata mtaji. Halmashauri zetu zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Muulizeni ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Neno la mwisho kwa wenye vikundi. Mwenzenu akikwama, msiende kumbeba sufuria ninyi wenyewe. Leo ni yake, kesho ni yako. Kaeni, pigeni hesabu pamoja, mpeni muda hadi mavuno.

Tulijifunza kusoma ili karatasi isitutishe tena. Basi tuzisome.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI
1. Riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa mkopo wa shilingi 300,000 ni kiasi gani?
2. Hapa kijijini kwetu, ni mkopo gani unaolingana na majira ya mavuno?
3. Mkopeshaji akija na watu kubeba mali, tumwite nani kwanza?