Bahasha ya Kaki: Klabu ya Mtaani na Kijana Asiye na Cheti

Mada kwa semina ya siku moja ya walezi wa klabu za vijana na maafisa maendeleo ya jamii wa kata, Dar es Salaam

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze jinsi klabu ya mtaani inavyowasaidia vijana wanaoishi katika mazingira magumu. Barua ya mwaliko imetaja michezo, stadi za maisha na ujasiriamali, nami nitavigusa vyote kwa heshima ya barua hiyo. Walionisikia siku za nyuma wanajua ninakoishia, kwa hiyo sitawazungusha sana.

2. Maana ya maneno

Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007 inamhesabu kijana kuwa mtu wa miaka 15 hadi 35. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kipa wetu wa miaka 16 ni mtoto na ni kijana kwa pamoja, na kila ofisi humchagulia upande kufuatana na shida aliyoipeleka. Mazingira magumu sina haja ya kuyafafanua humu. Wengine tumekulia humo humo. Klabu ni kikundi chenye katiba, viongozi, daftari na, kwa upande wetu, chumba kimoja cha kupanga nyuma ya uwanja, bati lake linavuja.

3. Kazi za klabu kwa ufupi

Tuna timu mbili za mpira wa miguu na moja ya netiboli. Tuna cherehani nne, moja mbovu. Jioni kuna masomo ya wanaojiandaa na mtihani wa maarifa (QT), na humo wamo wasichana walioacha shule kwa ujauzito kabla Serikali haijafungua mlango wa kurudi, Novemba 2021. Wapo wanaoweka akiba kila Jumapili kwa mtindo wa VICOBA.

Mpira ndio unaowaleta. Sijaona kijana aliyekuja kwetu akitafuta stadi za maisha. Anakuja kwa kuwa uwanja upo karibu, halafu anabaki kwa kuwa kuna mtu anayemuuliza jana alikuwa wapi. Klabu zote zilizomo humu zinafanya hivyo, nyingine vizuri kutushinda. Naomba niishie hapo.

4. Tatizo lenyewe

Miaka kadhaa iliyopita tulipewa nafasi za kusomea ufundi umeme wa majumbani, ada inalipwa na mfadhili. Nilidhani kazi itakuwa kuchagua nani anafaa. Kumbe kazi ilikuwa kutafuta nani ana cheti cha kuzaliwa. Nafasi mbili zilirudi kwa mfadhili tupu, na aliyefaa kuliko wote, binti aliyekuwa akifungua redio za majirani kwa kisu cha jikoni na kuzifunga zikiimba, alibaki nyumbani kwao akikaanga mihogo. Tangu siku hiyo sijalala na jambo jingine.

Cheti kikikosekana, namba ya NIDA inakuwa mlima. Bila namba ya NIDA huna laini ya simu kwa jina lako, maana tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole. Bila laini yako huna pesa ya simu iliyo yako. Kijana anatumia laini ya shemeji. Wakigombana, akiba inaondoka na shemeji. Anayetaka kwenda JKT anaulizwa cheti. Aliyejikongoja mpaka akafaulu kwenda chuo kikuu anakuta Bodi ya Mikopo inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili.

Kikundi kinachoomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana ndani ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, kinakwama kwa sababu ya mwanachama mmoja, na wenzake wanaanza kumtazama kama mkosi. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Sipingi masharti kukazwa. Fedha za umma zilikuwa zikiishia kwa vikundi hewa. Ila tukumbuke kwamba kikundi hewa hakikosi karatasi hata moja, ndiyo kazi yake. Mwenye kukosa karatasi ni yule anayepumua.

Naomba nieleweke. Sijaja kulaumu ofisi yoyote, na katika meza hii wapo watu walionisaidia kwa moyo wao. Kazi kubwa imefanyika. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano, ulioanzia Mbeya mwaka 2013, ulipeleka cheti kwenye zahanati na ofisi ya kata, bila malipo, na kikaandikwa mama akiwa bado amembeba mtoto. Huo ni ushahidi kwamba jambo hili linawezekana. Lakini utafiti wa afya na demografia wa 2015/16 ulikuta watoto wa chini ya miaka mitano waliosajiliwa ni asilimia 26 tu. Hao waliobaki nje hawakuyeyuka. Ndio wanaoingia sasa kwenye timu yetu ya wadogo. Kaka zao, ambao mpango uliwakuta wameshavuka miaka mitano, ndio timu ya wakubwa.

Anayesajiliwa akiwa mkubwa hudaiwa vitu ambavyo maisha yake yenyewe yalimnyima. Tangazo la kizazi la hospitali: alizaliwa kwa mkunga wa jadi. Kadi ya kliniki: iliungua, ililowa, iliachwa kwenye nyumba ya kupanga siku vyombo vilipotolewa nje. Kitambulisho cha mzazi: baba hajulikani aliko, mama alifariki, na bibi kitambulisho chake ni kadi ya kupigia kura iliyofutika picha.

Hapo ndipo klabu inapogeuka kuwa kitu ambacho hakikuandikwa kwenye katiba yetu. Tunakuwa mashahidi. Daftari la mahudhurio, lile la mistari linalouzwa dukani, ndilo limekuwa kumbukumbu ndefu kuliko zote katika maisha ya baadhi ya vijana hawa. Linaonyesha kwamba mtu huyu alikuwapo siku fulani, akiwa na umri fulani, na mtu mzima fulani aliweka dole gumba kukubali.

Mwaka mmoja kijana wetu alikamatwa kwenye msako, akaandikwa kituoni kuwa ana miaka 19. Kituo sitakitaja. Kwa daftari letu alikuwa na 16, yaani mtu wa kufikishwa Mahakama ya Watoto. Nilikwenda na daftari kwapani. Askari wa zamu alilipekua, akaniuliza, tena kwa haki kabisa: huu umri mliandika mkiutoa wapi? Niliona aibu. Tuliutoa kinywani mwa mtoto mwenyewe. Aliachiwa baadaye kwa sababu nyingine, ila swali lile nilirudi nalo nyumbani.

Tukabadilisha utaratibu. Wanaofanya sensa wana mbinu ya kalenda ya matukio, ya kumsaidia asiyejua tarehe kujipanga kwenye jambo linalokumbukwa na wote. Tukatengeneza ya kwetu: kuzama kwa MV Bukoba Mei 1996, mvua za El Nino, mwaka aliofariki Mwalimu Nyerere, mabomu ya Mbagala 29 Aprili 2009, mabomu ya Gongo la Mboto Februari 2011. Sasa kijana akijiunga tunakwenda kwao, tunakaa mkekani, tunaongea na mkubwa wa nyumba.

Bibi mmoja aliyekuwa akiishi Mbagala wakati wa mabomu alituambia hajui tarehe wala mwaka. Tukamuuliza mjukuu alikuwaje siku ile. Akacheka: alikuwa anatambaa, tena nilimwokota chini ya meza, ukuta wa chumba cha pili umelala, sanduku la karatasi sikuliona tena. Tukamuuliza, alizaliwa kabla ya mfungo au baada? Akatushangaa. Alizaliwa Shaabani, mfungo umekaribia, ndiyo maana akapewa jina la mwezi. Fungueni kalenda mtaona kwamba Ramadhani ya 2008 ilianza siku ya kwanza au ya pili ya Septemba. Mtoto wa mwisho wa Agosti, mwisho wa Aprili anatambaa. Bibi asiyejua kusoma alitupa tarehe inayosimama kuliko nyingi nilizoziona zimegongwa muhuri.

Umri ukishapatikana, linakuja la majina, na hili ndilo linalonikatisha tamaa hasa. Kliniki mtoto aliandikwa jina alilopewa na bibi mzaa baba. Shuleni alipelekwa na mjomba, mwalimu akaandika jina la mjomba kuwa la baba. Msikitini au kanisani ana jina la tatu. Cheti cha darasa la saba kina herufi moja zaidi. Huyu kwa macho yetu ni mtu mmoja mwenye jezi namba nane. Kwa karatasi ni watu wanne, na kila ofisi inamtaka yule ambaye ofisi nyingine haimtambui. Inatakiwa hati ya kiapo, wakati mwingine zaidi ya moja. Kuna nauli, kuna picha za pasipoti, kuna nakala, kuna siku ya kibarua sokoni iliyopotea, kuna mtandao uko chini, njoo Alhamisi. Kijana mmoja niliyemsindikiza mkoa wa kusini alikozaliwa, tulirudi ofisi moja mara saba. Mara ya tano aliniambia, mwalimu, basi tuache, mimi nitakuwa hivi hivi tu.

Na sisi tuna dhambi zetu, niziseme kabla hajazisema mwingine. Wapo makocha wanaokuja kuomba umri wa mchezaji upunguzwe ili acheze mashindano ya wadogo. Klabu inayokubali hilo inaua ushahidi wake yenyewe. Siku daftari litakapohitajika kwa jambo zito nani ataliamini? Kwetu umri huandikwa kwa kalamu ya wino siku ya kwanza, mlezi anasaini, na haufutwi. Tumepoteza wachezaji wazuri wawili kwa msimamo huo, wamehamia kwa jirani. Wote wanafunga mabao huko.

Kuhusu wafadhili nitasema kidogo, kwa kuwa wengine wamo humu. Mipira tunaletewa. Cherehani tunaletewa, tunapiga picha, tunashukuru. Nauli ya kumpeleka kijana na bibi yake kwa msajili haijawahi kupata kifungu kwenye bajeti, kwa sababu ripoti haina mahali pa kuiweka. Cherehani bila cheti inatoa fundi asiyeweza kufungua akaunti.

5. Mapendekezo

La kwanza, kila klabu ifungue bahasha ya kaki kwa kila mwanachama siku anapojiunga, si siku nafasi inapotokea. Nakala za kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au barua ya msikiti, cheti cha shule, maelezo ya mlezi kwa kalenda ya matukio. Nafasi huja na siku kumi. Karatasi huchukua miezi.

La pili, majina yapatanishwe mapema, mtoto akiwa bado shule ya msingi. Kiapo cha herufi moja ni rahisi kabla ya cheti cha darasa la saba kutoka. Walimu wakuu wahusishwe.

La tatu, daftari la klabu litambuliwe kuwa ushahidi wa nyongeza. Sisemi liwe badala ya cheti. Nasema afisa akiliona mezani alifungue.

La nne, daftari hilo listahili kutambuliwa: kurasa zenye namba, lisainiwe na mtendaji wa mtaa kila robo mwaka. Klabu itakayobainika kupunguza umri iondolewe kwenye utaratibu, hata ikiwa ni yetu.

La tano, utaratibu wa zahanati na kata uliowafaa watoto wachanga ufikiriwe pia kwa waliovuka umri, walau kwa siku maalumu viwanjani. Vijana wako uwanjani Jumamosi. Meza, viti na mwavuli tutatoa sisi.

La sita, wafadhili waruhusu kifungu cha nauli, picha na viapo. Nimelisema juu, nalirudia hapa kwa sababu mapendekezo ndiyo husomwa.

La saba, aliyezaliwa mkoa mwingine asirudishwe huko kama ofisi zinaweza kuandikiana.

La nane linafanana na la kwanza: bahasha ifunguliwe mapema. Naliandika mara ya pili kwa kuwa wiki iliyopita nimepokea vijana watatu wenye nafasi ya mafunzo mkononi na bahasha tupu.

La tisa, vijana waliojifunza kazi gereji na saluni waelekezwe kwenye urasimishaji wa ujuzi wa VETA, na sisi walezi tujifunze masharti yake kabla ya kuwapeleka, tusiwafikishe mlangoni kisha tukaanza kutafuta karatasi.

La kumi na la mwisho halihusu sera. Ratiba inaonyesha mapumziko ya chai saa nne na nusu, na nimeona kwenye orodha ya waliohudhuria kwamba ofisi ya usajili imetuma mtu. Nimekuja na bahasha kumi na moja. Ziko pale mezani kwa dada anayeandikisha majina, kila moja ina karatasi ya juu inayoeleza kilichopo na kinachokosekana, pamoja na namba ya simu ya klabu. Ya juu kabisa ni ya yule wa mabomu ya Mbagala. Yeye amebakiza saini moja tu, na bibi yake nimekuja naye, amekaa kiti cha nyuma karibu na mlango.