Kondoo Huitwa kwa Jina
Jumapili ya Nne ya Pasaka



Wapendwa wasikilizaji, leo Mama Kanisa anaadhimisha Jumapili ya Mchungaji Mwema. Katika sura ya kumi ya Injili ya Yohane, Bwana wetu anajifananisha na mchungaji aingiaye zizini kwa mlango, akawaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake, nao wakamfuata kwa kuwa waijua sauti yake. Neno hilo "jina" ndilo tunalopenda kulitafakari pamoja nanyi. Siku hizi majina yetu yamehifadhiwa mahali tusipopaona, ndani ya kompyuta, na mambo mengi ya maisha yetu hutegemea kama mashine hiyo inatutambua au haitutambui.

Sisi wakazi wa Ngara na Biharamulo tunalo jambo la kukumbuka kuhusu majina na orodha. Mwaka 1994 Jumapili ya Mchungaji Mwema iliangukia tarehe 24 Aprili. Siku nne baadaye, tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi. Wengi wao walikusanyika Benaco, na mahali palipokuwa pori na mashamba pakawa kama mji mkubwa uliojaa moshi wa kuni na mahema ya plastiki. Hakuna aliyeweza kuwajua wote. Ili wapate unga, maharage na maji, ilibidi wahesabiwe na kuandikwa. Hapo mwanzo chakula kiligawiwa kupitia viongozi wa komyuni walizotoka, na baadhi ya viongozi hao walitaja watu wengi kuliko waliokuwapo. Hivyo wapo waliokula zaidi, na wapo wajane na yatima waliopungukiwa. Orodha ilikuwapo, lakini haki haikuwapo.

Tena, ng'ambo ya mto Kagera, majuma hayo hayo, karatasi nyingine ilikuwa ikifanya kazi ya mauti. Tangu miaka ya 1930, wakati wa utawala wa Wabelgiji, kitambulisho cha Mnyarwanda kiliandikwa kabila lake. Mwaka 1994, penye vizuizi vya barabarani, neno moja katika kitambulisho hicho lilitosha kumtoa mtu roho. Aliyekisoma hakumtazama mwenzake usoni. Alitazama karatasi, akatenda kama alivyoagizwa. Ndugu zangu, tusisahau jambo hilo kila tunaposikia kwamba kuandikishwa ni suala la kitaalamu tu, lisilohusu dhamiri.

Tangu wakati huo orodha zimetoka katika karatasi zikaingia katika kompyuta. Nchi yetu haikuipokea mashine hii kwa haraka. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kuona hasara na usumbufu katika hesabu zake. Leo hali imegeuka kabisa. Tangu tarehe 20 Januari 2020, laini za simu ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kufungwa. Mkulima atakaye mbolea ya ruzuku huandikishwa na kupewa namba. Mgonjwa mwenye bima huhakikiwa kwanza, ndipo apewe dawa. Malori yapitayo hapa Benaco kwenda mpakani Rusumo huruhusiwa kuvuka pale tu mashine za forodha zinapokubali nyaraka zake. Hata mama auzaye ndizi kando ya barabara hupokea malipo yake kwa simu.

Tumekuwa wategemezi kiasi gani, tulionjeshwa siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Nyaya mbili za mawasiliano zipitazo chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao wa intaneti ukafifia au kutoweka katika sehemu kubwa ya Tanzania na nchi jirani. Waya uliokatika baharini, mbali sana nasi, uliweza kumgusa mtu aliye huku magharibi, karibu na mto Kagera. Jambo hilo latupasa kujiuliza: mashine ikinyamaza, ni nani miongoni mwetu atakayemjua jirani yake, deni lake, ugonjwa wake na haki yake?

Wapendwa, hatusemi kwamba kompyuta ni kazi ya shetani. Baada ya vita vya Rwanda, watoto zaidi ya 100,000 waliotengana na wazazi wao waliandikishwa katika nchi za Maziwa Makuu. Habari zao zilikusanywa na kulinganishwa kwa msaada wa kompyuta, na wengi wakarudishwa kwa jamaa zao. Huo ulikuwa utumishi mtakatifu. Lakini wamo pia watoto waliokuwa wadogo mno, wasioweza kutaja jina la baba wala la kijiji. Kwa hao mashine haikuwa na la kulinganisha. Ilibidi watu wachukue picha zao, wapite nazo huku na huko, mpaka shangazi au bibi aseme, "Huyu ni wetu." Mashine ilisaidia upendo, lakini haikuweza kushika nafasi yake. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha jambo hilo hilo: ufundi ni mshirika wa mwanadamu, lakini waweza kugeuka kuwa kama adui yake pale unapomfanya mtumwa.

Maandiko Matakatifu nayo yatufundisha pande zote mbili. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 24, mfalme Daudi aliamuru watu wahesabiwe, naye Yoabu akamwonya. Hesabu ilipokwisha, moyo wa Daudi ulimchoma, kwa maana alikuwa ametegemea idadi kuliko kumtegemea Mungu. Lakini katika Injili ya Luka, Yusufu alitii amri ya Kaisari, akaenda Bethlehemu kuandikishwa. Mwana wa Mungu hakuona aibu kuzaliwa safarini kwa ajili ya sensa. Hata hivyo, orodha ya Kaisari haikumpatia Bikira Maria mahali pa kujifungulia. Jina la Yusufu lilikuwa na nafasi katika kitabu, lakini mama mjamzito hakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni.

Hapo ndipo ilipo hatari yetu ya leo. Mtazameni mama mzee aliyelima migomba na maharage miaka hamsini. Jembe limesugua vidole vyake hata mistari imefutika. Anapoweka kidole penye mashine, haisomi. Anajaribu kingine, haisomi. Kijana aliye mezani anamwambia, "Bibi, mashine imekataa," kisha anamwita anayefuata. Tuseme kweli: mashine haikukataa. Mashine haina utashi wa kukataa wala wa kukubali. Aliyekataa ni mtu, naye amejificha nyuma ya mashine. Vidole vile vilivyowalisha wengine vimekuwa sababu ya kumnyima mwenyewe huduma. Mbele ya Mungu, aliyemwacha mama huyo aondoke hivyo atatoa hesabu yake mwenyewe. Hataweza kusema kwamba mtandao ulikuwa unasumbua.

Basi tufanye nini? Kwanza, ninyi mnaofanya kazi penye kompyuta, ofisini, hospitalini, mpakani au katika uwakala wa fedha: mashine isipomtambua mtu, mtambueni ninyi. Msikilizeni, ulizeni njia nyingine iliyo halali, mpelekeni kwa mkubwa wa kazi, wala msimrudishe kabla ya kumwonyesha pa kwenda. Pili, jumuiya ndogo ndogo za Kikristo ziwe na mtu mwaminifu wa kuwasindikiza wazee na wasiojua kusoma wanapokwenda kujiandikisha. Mtu huyo asiwaulize namba zao za siri, maana wapo wezi wanaojifanya wasaidizi. Tatu, ninyi makatekista: si vibaya parokia kutumia kompyuta, lakini Sheria ya Kanisa yataka kila parokia itunze daftari la ubatizo. Liandikeni kwa wino, kwa uangalifu, siku ile ile. Atakayetaka kufunga ndoa miaka thelathini ijayo atalihitaji, hata kama mashine ya leo itakuwa imekwisha kutupwa.

Tena, makatekista wapendwa, msitosheke na daftari. Yajueni majina ya watu mnaowahudumia, na mwatembelee majumbani mwao. Mtu asipoonekana kanisani Jumapili tatu, asingoje jina lake kutafutwa katika orodha ya michango. Mmoja wetu na abishe hodi mlangoni pake. Wanafunzi waliopata furaha kwa sababu pepo waliwatii waliambiwa na Bwana wafurahi zaidi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni. Huko hakuna anayeitwa namba, na hakuna waya uwezao kukatika.

Tumwombe Mchungaji Mwema, aliyeziona nyuso zote za wale waliovuka mto Kagera mwaka 1994, walio hai na waliokufa, wenye hatia na wasio na hatia, atujalie macho ya kumwona mtu nyuma ya kila jina, na moyo wa kujibu sisi wenyewe pale mashine isipoweza kujibu.

Na Mwenyezi Mungu awabariki ninyi nyote, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.