FEDHA YA MTOTO WA AWALI ASIYE NA UWEZO: MANENO YA KATIBU KWENYE KIKAO CHA TAWI

Mvua ya Jumamosi iliwazuia wengi, na Mwenyekiti ameelekeza maneno yangu yatumwe humu kama nilivyoyasema.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe,

Ada ilifutwa Januari 2016, na Sera ya Elimu ya 2014 inataka kila mtoto asome awali mwaka mmoja kabla ya darasa la kwanza. Hayo tunayasema majukwaani. Tusichosema ni kwamba uji wa shuleni bado ni mchango wa mzazi, na mtoto ambaye mzazi wake hajachanga huangalia wenzake wakinywa. Wiki ya tatu anaacha kuja. Mwaka unaofuata anaingia darasa la kwanza hajui kushika penseli, halafu tunamwita mzito.

Mnajua mimi ni mtu wa mahesabu, nivumilieni. Ruzuku ya shule ya msingi inagawanywa kwa vichwa. Kiwango tulichokizoea tangu enzi za MMEM, iliyoanza 2002, ni Sh 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: Sh 6,000 kwenda shuleni, Sh 4,000 kubaki juu kwa ajili ya vitabu. Mtoto wa mwenye duka la jumla na mtoto wa mama anayeponda kokoto wanahesabiwa sawasawa. Sasa kadirieni kikombe cha uji Sh 200, kwa siku 194 za masomo. Ni Sh 38,800 kwa mtoto mmoja. Fedha ya vichwa haiwezi kubeba hilo hata ikinyooshwa vipi.

England waliliona hili. Kuanzia Aprili 2015 vituo vya watoto wadogo vilipewa pensi 53 za ziada kwa kila saa ya mtoto wa miaka 3 au 4 kutoka familia ya kipato cha chini, kama pauni 300 kwa mwaka. Sisi si matajiri kama wao. Lakini fedha kumfuata mtoto mwenye uhitaji si jambo geni hapa: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mtoto wa miaka 5 hakopesheki, ndiyo maana hayumo.

Ninachopendekeza ni tumwombe Diwani wetu apeleke hoja ya kasma maalumu ya watoto wa awali wasio na uwezo, kutoka mapato ya ndani. Kwa watoto 40 uji ni Sh 1,552,000 kwa mwaka. Hizo si fedha za kuitisha harambee.

Mzee mmoja ameuliza, nani atachagua watoto? Tuanze na orodha ya kaya za TASAF. Ina mapengo, sote tunajua kaya zilizoachwa, kwa hiyo mwalimu wa awali na mwenyekiti wa mtaa waruhusiwe kuongeza majina. Majina hayo yasibandikwe ukutani. Watoto wote wanywe uji mmoja, malipo yafanyike ofisini.

Wapo waliosema bora tujenge darasa. Darasa tunalihitaji, kiwango ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja na sisi tuko mbali nacho. Ila ujenzi una mafungu yake, na jengo hupigiwa picha. Uji haupigiwi picha, ndiyo maana hauna msemaji. Fedha hii ikiingizwa kwenye kapu la jumla la shule itaishia kwenye chaki na umeme, kwa hiyo nasisitiza kasma yake na taarifa yake kila robo mwaka, isomwe kwenye mkutano wa mtaa.

Kikao kiliafiki. Bajeti ya mwaka mpya inaanza Julai, lakini halmashauri huandaa makadirio miezi mingi kabla, kwa hiyo hoja lazima ifike WDC mapema. Mabalozi, nileteeni idadi ya watoto wa miaka 4 na 5 wasiosoma katika eneo lenu ifikapo Ijumaa. Idadi tu, majina msiyaweke humu kwenye kundi.

Katibu wa Tawi