Sumu Isiyoandikwa: Hoja ya Daftari la Umma kwa Kasongo na Kabambare

Kila unapotajwa mgodi wa dhahabu wa Namoya, huko Salamabila katika teritwari ya Kabambare, jimbo la Maniema nchini Kongo, hutokea mtaalamu akatuambia kwamba hakuna haja ya kuhesabu sianidi, maana jua na hewa huimaliza. Hoja hiyo nataka kuipima kwa haki kabla ya kuikataa. Namoya, ulioanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Banro, ulirundika mawe yaliyopondwa na kuyanyunyizia maji ya sianidi ili dhahabu iyeyuke. Katika kazi hiyo chokaa hutiwa ili pH isishuke, kwa kuwa ikishuka sianidi hugeuka gesi ya kuua. Ni kweli kwamba sianidi huru huvunjika juani. Lakini ile iliyoshikamana na madini kama chuma hudumu muda mrefu, na arseniki ya mwambani pamoja na zebaki ya wachimbaji wadogo hazivunjiki kabisa. Mtaalamu wetu amejibu swali la kemia. Sisi tulimuuliza swali la hesabu: ni kiasi gani kilitoka, kikaenda wapi, na mwaka uliofuata kilipungua au kiliongezeka?

Chombo cha kujibu swali hilo kipo: daftari la umma. Baada ya gesi ya kiwanda kuua maelfu ya watu Bhopal, India, Desemba 1984, Marekani ilitunga sheria mwaka 1986 inayovilazimisha viwanda kutangaza kila mwaka sumu vinayoiachia hewani, majini na ardhini, dutu moja moja. Mwaka 1993 taasisi za serikali yenyewe, kambi za jeshi zikiwemo, ziliingizwa katika wajibu huo. Sheria haikuweka kikomo cha utoaji. Iliamuru kutangaza tu. Hata hivyo, mwaka 1988, kabla takwimu za kwanza hazijachapishwa, Monsanto iliahidi kupunguza kwa asilimia 90 sumu inazoachia hewani. Kuhesabiwa hadharani kuliifanya kampuni itoe ahadi ambayo hakuna hakimu aliyeiamuru.

Wapo wanaosema daftari linalojazwa na mwenye mgodi litajaa uongo. Pingamizi hili lina uzito: hata Marekani, takwimu nyingi ni makadirio, na kiwanda kikibadili namna ya kukadiria, tarakimu hushuka ilhali bombani hakuna kilichopungua. Ndiyo sababu ripoti ya mwaka mmoja haitoshi. Mfululizo wa miaka kumi, ukiwekwa kando ya vipimo vya maji na kiasi cha sianidi kilichonunuliwa, ndio unaomuumbua mwongo. Wengine wanasema nchi yenye vita haina nafasi ya madaftari. Hao watazame Kasai mwaka 2021. Bwawa la taka la mgodi wa almasi wa Catoca, Angola, lilivuja, na taka zikavuka mpaka kwa mito hadi kwetu. Waziri wetu wa mazingira wa Kongo akatangaza vifo 12 na maelfu ya wagonjwa, kampuni ikajibu kwamba kilichomwagika ni mchanga na udongo. Daftari la miaka iliyotangulia, lililo wazi pande zote mbili za mpaka, lingefupisha ubishi huo.

Kanuni ya Madini ya Kongo iliyorekebishwa mwaka 2018 inamwajibisha mwenye haki ya kuchimba kufidia madhara hata pasipo kosa lake. Lakini mwanakijiji wa kando ya Luama, mto unaoingia Lualaba, atauthibitishaje uhusiano kati ya mgodi na maji yake ikiwa hakuna vipimo vya jana vya kulinganisha na vya leo? Haki aliyopewa na sheria inamponyoka kwa kukosa tarakimu.

Kwa hiyo ninaiomba serikali ya Maniema iagize jambo moja: kila anayechimba kwa kemikali, kampuni au kooperativa, atangaze kwa mwaka alichonunua, alichotumia na alichomwaga, kwa Kiswahili, ubaoni sokoni Kasongo na Kabambare. Upimaji wa mito uanze kabla mgodi haujafunguliwa, wala usikome mgodi unapobadili mmiliki au unapofungwa.