Mboni ya Jicho la Mgonjwa Aliye Katika Nusukaputi



Wengi wetu huogopa nusukaputi kuliko kisu chenyewe. Swali ni lile lile: nikishalala, nani atajua kama nimezama mno, au kama naanza kuamka? Leo naomba nieleze alama moja tu miongoni mwa nyingi, nayo ni mboni ya jicho.

Jicho likimulikwa, mboni husinyaa. Mwanga ukiondolewa, hupanuka. Kazi hiyo huendeshwa na shina la ubongo, bila mtu kuamua. Enzi za etha, dawa iliyoonyeshwa hadharani Boston, Marekani, mwaka 1846, ilifahamika kwamba mgonjwa akizama kupita kiasi, mboni hupanuka na kuacha kuuitikia mwanga. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Arthur Guedel, daktari wa jeshi la Marekani nchini Ufaransa, alikuwa na majeruhi wengi na wataalamu wachache. Akawafundisha wasaidizi wake, kwa chati, kusoma pumzi, macho na mboni.

Dawa za leo si etha. Zile za jamii ya mofini huifanya mboni kuwa ndogo kama tundu la sindano; atropini huipanua. Kwa hiyo mtaalamu wa usingizi haitegemei mboni peke yake: hufuatilia pia mapigo ya moyo, shinikizo la damu, pumzi na oksijeni. Penye uwezo, hutumika pia kifaa chenye kamera ambacho huipima mboni kwa usahihi zaidi.

Ndugu wananchi, hapo ndipo wajibu wetu unapoanza. Mboni ni shahidi, lakini shahidi huweza kupotoshwa. Upasuaji wa jicho wa zamani, jicho la bandia, baadhi ya dawa za matone, dawa kali za maumivu na dawa za kulevya, vyote hubadili kile ambacho mtaalamu anakisoma. Anayeficha kwa aibu humfumba macho mlinzi wake mwenyewe.

Basi, mtakapoulizwa maswali kabla ya upasuaji, semeni yote. Siri ya mgonjwa hutunzwa. Anayepaka wanja, siku hiyo auache nyumbani. Nanyi pia ulizeni: nani atakaa kichwani pangu hadi niamke? Hilo ni swali la haki.