Mgonjwa wa Akili Akifikishwa Mahakamani

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo hatuzungumzii mbolea wala maji ya kuchemsha. Tunazungumzia jambo linalosemwa kwa kunong'ona vijijini mwetu: mgonjwa wa akili anapofanya kosa la jinai. Labda amechoma nyumba. Labda amemkata mtu panga, au ameua. Watu wanakusanyika. Mmoja anasema, "Huyu kichaa, mwacheni." Mwingine anasema, "Anajifanya huyo, apigwe!"

Yupi kati yao anasema kweli? Hatuwezi kujua kwa kumtazama tu. Na sheria haimruhusu mtu yeyote kumpiga. Akamatwe, akabidhiwe polisi, kisha mahakama iamue.

Je, mahakama huamuaje? Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 12, inamhesabu kila mtu kuwa na akili timamu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 13 nacho kinampa kinga mtu ambaye wakati wa kutenda, kwa sababu ya ugonjwa wa akili, hakuweza kufahamu analolifanya, au hakuweza kujua kwamba hapaswi kulifanya.

Shikeni maneno haya: wakati wa kutenda. Kuwa mgonjwa peke yake hakutoshi. Mtu anaweza kuugua akili miaka kumi, na bado akaiba huku akijua kwamba anaiba. Huyo ana hatia. Na aliyelewa kwa kupenda mwenyewe asitegemee kusema tu kwamba pombe ilimpanda kichwani.

Liko swali la pili: hali yake ya leo. Kama mshtakiwa haelewi kesi na hawezi kujitetea, kesi husimama kwanza ili atibiwe. Basi maswali ni mawili. Alikuwaje siku ile? Yukoje leo?

Ili kupata majibu, mahakama huweza kuagiza mshtakiwa akapimwe na daktari. Kwetu Tanzania wengi wamepelekwa Isanga, Dodoma, iliyo chini ya Hospitali ya Mirembe. Mirembe yenyewe ilianzishwa mwaka 1927. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliwapa madaktari siku 42 za kumpima mtu na kuandika taarifa.

Swali la leo daktari atalijibu kwa kumwangalia mgonjwa. Lakini la siku ile? Daktari hakuwapo! Pengine miezi imepita, na mtu aliye mbele yake ametulia na anakula vizuri. Daktari atataka kujua: Ugonjwa ulianza lini? Alikuwa analala? Alikuwa akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Wanaojua hayo ni mke wake, mama yake, majirani zake. Ndio sisi.

Tena anayedai kwamba hakuwa na akili timamu ndiye anayetakiwa kulionyesha hilo. Ndugu zake wakinyamaza kwa aibu, ataonyesha kwa nini?

Tuchukue mfano wa zamani, maana kanuni hii tuliletewa na Waingereza walipotutawala. Mwezi Januari mwaka 1843, mjini London, Daniel M'Naghten alimpiga risasi Edward Drummond, karani wa Waziri Mkuu Robert Peel. Drummond akafa. Madaktari walitoa ushahidi, lakini si wao peke yao. Alikuja baba yake M'Naghten. Walikuja pia wakubwa wa mji wa Glasgow, ambao M'Naghten alikuwa amewaendea kabla ya tukio, akilalamika kwamba watu wanamfuata na kumtesa. Kwa hiyo wazee wa baraza walijua kwamba ugonjwa haukutungwa baada ya kukamatwa. Wakasema hana hatia kwa sababu ya wazimu. Watu wengi walikasirika, na majaji wakatakiwa waieleze sheria. Majibu yao ndiyo msingi wa kanuni tunayoizungumzia.

Je, M'Naghten alirudi nyumbani? Hapana. Alikaa katika hospitali za wagonjwa wa akili mpaka alipokufa mwaka 1865. Kwetu pia, mtu wa namna hii hafunguliwi mlango aende zake. Huwekwa mahali pa ulinzi na matibabu. Kwa hiyo tusiogope kusema kweli eti muuaji atarudi kesho kijijini.

Sasa kisomo chetu kinaingia wapi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ugonjwa nao ni hivyo hivyo. Mkiwa na mgonjwa nyumbani, nunueni daftari. Andikeni tarehe. Andikeni mlichokiona na kukisikia wenyewe. Msiandike tu, "Alikuwa kichaa." Andikeni: "Usiku alitoka nje, akawa anajibizana na mtu ambaye hatukumwona. Hajalala siku tatu. Ameacha dawa tangu Jumatatu." Kadi za zahanati zitunzeni pamoja na daftari hilo.

Andikeni na yale yasiyompendeza ndugu yenu. Kama baada ya tendo alificha panga na kukimbia, semeni. Daftari la uongo halimwokoi mtu, na aliyejeruhiwa naye ana haki yake.

Zaidi ya hayo, msingojee kesi. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu. Daftari hilo hilo, likifika mapema zahanati, litamsaidia mganga kumtibu kabla mambo hayajaharibika. Mficha maradhi kilio humfichua.

Ndugu, mlipoanza kisomo mlisema mnataka kusoma barua zenu wenyewe. Mmeweza. Sasa kalamu hiyo hiyo inaweza kumsaidia hakimu kumjua mgonjwa na kumjua mhalifu.