Wazazi Wakiachana, Mtoto Asiachwe

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), ahali zake, Masahaba zake na wote wanaofuata mwenendo wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu zangu katika imani, hukumu za talaka tumezisoma mara nyingi hapa msikitini: idadi yake, eda na rejea. Leo tumzungumze yule anayesahauliwa siku talaka inapotamkwa, naye ni mtoto.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa na mwanafunzi wa miaka minane ambaye wazazi wake walikuwa wameachana bila ya kupatana lolote juu yake. Baba yake alinijia akasema, "Ustadhi, mama yake akija kumchukua, mwambie hayupo." Nikaona haya kumkatalia. Mama akaja, nikamwambia hayupo, na mtoto yumo ndani anasikia sauti ya mama yake. Kesho yake nilipomwita asome, aliniuliza kama uongo ni dhambi kwa watoto tu. Sikuwa na jibu. Nilimwendea mama yule nikamwomba radhi, kisha nikawaita wazazi wote wawili.

Ndugu zangu, tungekuwa tumeizingatia Suratul Baqara aya ya 233, tusingefika huko. Aya hii imekuja katikati ya aya za talaka. Ndani yake Allah (S.W.) anakataza mama asitiwe madharani kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Kisha anaeleza kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili kutimia, hapana ubaya, maadamu wote wawili wameridhiana na kushauriana. Tazameni! Ikiwa jambo la kunyonya tu linahitaji ridhaa na mashauriano ya wawili, itakuwaje shule atakayosoma, nyumba atakayolala, au mji atakaohamia? Na katika Suratut Talaq aya ya 6, wazazi walioachana wameamrishwa washauriane kwa wema. Basi mapatano ya wazazi ni utekelezaji wa amri ya Mola wao, si hisani ya mmoja kwa mwenzake.

Wapo wanaosema kwamba mahakama zetu za Tanzania Bara hazina nafasi kwa jambo hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro wa wanandoa upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa kabla ya shauri la talaka kufikishwa mahakamani. Juu ya ulezi, kifungu cha 125 kinamtaka hakimu atangulize maslahi ya mtoto. Kinachukulia kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni bora awe na mama yake, ila ikithibitika vinginevyo. Na kinamtaka hakimu azingatie ubaya wa kumhamisha hamisha mtoto. Wazazi waliopatana wanaweza kuyapeleka mapatano yao mbele ya hakimu, na mahakama inaweza kuyabadilisha pale maslahi ya mtoto yanapotaka hivyo.

Miaka hiyo saba si migeni kwetu. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mtoto akifikia umri wa kupambanua, nao aghlabu ni miaka saba, huhiyarishwa baina ya wazazi wake. Lakini hiyari hiyo ina mipaka. Ibnul Qayyim ameeleza, kutoka kwa Sheikh wake Ibn Taymiyya, kisa cha mtoto aliyemchagua baba mbele ya kadhi. Mama akaomba aulizwe sababu. Mtoto akasema kwamba mama humpeleka chuoni kila siku na mwalimu humchapa, ilhali baba humwacha acheze. Kadhi akampa mama. Kwa hiyo tumsikilize mtoto, lakini mzigo wa uamuzi tuubebe sisi watu wazima.

Je, mapatano yataje nini? Yataje mtoto atalala wapi siku za shule na wapi siku za likizo. Idi el Fitri atakuwa kwa nani na Idi el Haji kwa nani. Nani atamchukua, saa ngapi na mahali gani. Nafaka ni kiasi gani na italipwa tarehe ngapi. Ada ya shule, madrasa na matibabu italipwa na nani. Yataje pia kwamba hakuna atakayemsema vibaya mwenzake mbele ya mtoto, na kwamba yataangaliwa upya mtoto anapokua. Kisha yaandikwe na yashuhudiwe. Na baba asizuie nafaka kwa kuwa hakumwona mtoto, wala mama asimzuie mtoto kwa kuwa nafaka imechelewa. Nafaka na kuonana ni haki za mtoto, na haki yake moja haiwekwi rehani kwa nyingine.

Hata hivyo, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba sulhu inajuzu baina ya Waislamu isipokuwa ile inayohalalisha haramu au kuharamisha halali. Mtoto anayepigwa kwa ukatili au kudhalilishwa hasukumwi arudi huko kwa jina la sulhu. Huyo tumkimbilie hakimu amlinde.

Wazazi wa mwanafunzi wangu waliandikiana karatasi moja tu. Haikuwarudisha katika ndoa, wala hawakupendana upya. Ila mtoto yule alijua kila Alhamisi atamwona nani mlangoni, na kisomo chake kikatulia.

Ewe baba, ewe mama, talaka imekata ndoa, haikukata uzazi. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Nasi walimu na majirani tusikubali kuwa mlango wa kumficha mtoto.

Twamwomba Allah (S.W.) atusamehe tulipokosea na awalee watoto wetu katika kheri. Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.